Sahani Niliyoikuta Mezani

Jumapili, tarehe tisa, mwezi wa tatu

Kwako wifi yangu Chiriku,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kutoka kwa wachache tuliobaki katika nyumba hii. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti linalokusumbua wakati wa baridi limetulia. Wajukuu hawajambo? Yule wa mwisho ameshaota meno, au bado anakutafuna kwa fizi tu? Mimi sijambo. Nasema sijambo na safari hii ni kweli, si ile sijambo ya kukutoa wasiwasi. Nakula, nalala, napanda ngazi za mlangoni bila kushika ukuta, na juzi nimekaa kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka adhuhuri nikishona sketi za shule, marinda na yote, bila kuona kizunguzungu hata mara moja.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Usinielewe vibaya, wifi, lakini kwenye simu huniachi nimalize. Nikianza sentensi unaimalizia wewe, na mara nyingi unaimalizia vizuri kuliko nilivyokusudia. Marehemu kaka yako alikuwa akisema kwamba wewe ulizaliwa ukiongea, mkunga akakuomba unyamaze kidogo akate kitovu. Jambo nililo nalo leo lazima nilifikishe mwisho mimi mwenyewe. Linamhusu mke wa Cheche, na ile sahani ya chakula iliyosemwa sana katika ukoo wetu. Nakuomba usome taratibu, mpaka chini, kabla hujampigia mtu yeyote.

Habari za ugonjwa wangu ulizipata vipande vipande, kila mtu akikupa chake, kwa hiyo niziunganishe. Miezi michache baada ya kumzika kaka yako nilianza kuchoka. Nilidhani ni majonzi. Nilikuwa nikitandika kitanda, nikifika upande wake nakaa chini kupumzika, nikajiambia kwamba ni kule kuona mto wake tu. Aliyegundua kwamba si majonzi peke yake ni mke wa Cheche. Siku moja ananipa maji akanishika mkono akaugeuza, akatazama kucha, akanivuta kope la chini kwa kidole gumba kama anavyofanya kwa mtoto, akaniambia kwamba ndani ya jicho langu ni peupe kama chaki. Nikamwambia aniache, uzee huo. Akasema uzee haufanyi choo kiwe cheusi kama lami. Sikujua kama alikuwa ameona. Ndiye aliyenipeleka hospitali, wifi. Jambo hilo sikumbuki kama niliwahi kukuambia.

Hospitali wakakuta damu yangu imepungua sana. Nikapelekwa kwa daktari wa matumbo, mwanamke mfupi anayevaa viatu vya raba na anayeongea na mgonjwa huku amemshika bega. Akanipitishia mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, akanitazama tumboni, akakuta vinyama viwili vimeota. Kimoja kidogo kama punje ya mtama. Kingine kikubwa kama zabibu, kimesimama juu ya kikonyo kama uyoga. Akamega kipande akapeleka maabara. Majibu yakarudi kwamba si saratani. Lakini alituambia tusikae tukastarehe, maana kile kikubwa kilikuwa kinavuja damu kidogo kidogo kama bomba lisilokazwa vizuri, na kikiachwa miaka kinaweza kubadilika tabia. Inafaa kitolewe, na kutolewa kwenyewe ni kupitia njia ileile ya mdomo, bila kukata tumbo.

Wewe unajua neno tumbo lina uzito gani kwa wanangu. Kaka yako alipopasuliwa, Cheche ndiye aliyetia sahihi. Kitinda alikuwa njiani na lori, amepiga simu akisema wamsubiri, baba asiguswe mpaka yeye afike. Daktari wa wakati ule alisema hakuna muda wa kusubiri. Kitinda alipofika, baba yao alikuwa amelala mashine zimezimwa. Tangu siku ya mazishi wanasalimiana kama watu waliokutana dirishani pa kulipia umeme. Wewe mwenyewe ulikuja ukawakalisha ukawapa maneno, ukashindwa, nawe si mtu wa kushindwa kwa maneno. Kwangu mimi, wifi, jambo hilo liliuma karibu sawa na kufiwa. Nilikuwa nikimpakulia mmoja chakula huku nikisikiliza mlango, nisije nikamkosesha mwenzake nafasi ya kuingia.

Sasa hospitali ile ina utaratibu wake. Anayepewa dawa ya usingizi harudi nyumbani peke yake, na lazima pawepo ndugu wa kusikiliza maelezo na kutia sahihi. Kitinda ana gari la tajiri wake, na Cheche anaishi nami. Nikasema nawataka wote wawili. Hawakuweza kukataa, mimi ni mgonjwa.

Siku ya maelezo walikaa viti viwili nami katikati, kila mmoja akitazama ukuta wake. Daktari akachukua kalamu akatuchorea. Akasema watapitisha kitanzi cha waya ndani ya mpira ule, watakivisha shingoni mwa uyoga, watakaza, kisha watapitisha umeme kidogo, waya ukate na hapohapo uunguze palipokatwa, damu isitoke. Hapo Cheche akasogeza kiti. Unamjua huyo na kazi yake ya kuchomelea, ukimtajia umeme na chuma kwa pamoja anasahau hata kama ana njaa. Akaanza kumuuliza daktari moto wake ni kiasi gani, na huo umeme unatokea wapi, na ukiunguza sana je, si utatoboa? Daktari akamwambia kwamba hilo ndilo swali lenyewe, na ndiyo maana kwanza wanapenyeza maji chini ya kinyama kukinyanyua, moto usifike kwenye ukuta wa tumbo. Cheche akaridhika. Akamgeukia mdogo wake, akampigia mfano kwa pete ya funguo na kidole. Kitinda akamuuliza, kwa hiyo mama anakwenda kuchomelewa? Akajibiwa kwamba ndiyo, ila huyu fundi ana vyeti. Nilitazama miguu yangu. Niliogopa hata kupumua, wasije wakakumbuka kwamba hawaongei.

Safari ya kwanza tulirudishwa mlangoni, na kosa lilikuwa langu, kosa la kweli la mtu asiyejua. Nilikuwa nimeambiwa nisile tangu jioni. Sikula. Asubuhi nesi akaniuliza kama nimekula, nikamwambia sijala kitu, nimekunywa chai ya maziwa tu. Akaweka kalamu chini. Mimi tangu utoto wangu chai si chakula, chai ni kuamka. Wanangu wakanitazama, kisha wakatazamana. Njia nzima ya kurudi walinicheka. Kitinda akasema mama angeulizwa kama ameua, angesema hapana, nimemnyonga tu. Cheche alikuwa amekaa mbele pamoja na mdogo wake, si nyuma kama tulivyokwenda. Wakasimama barabarani wakaninunulia machungwa, Cheche akayamenya kwa kisu chake cha kazini, akampa Kitinda vipande mdomoni kwa sababu alikuwa ameshika usukani. Mimi nilikuwa nyuma. Nilitazama visogo vyao viwili. Cha Kitinda kina kile kishimo cha baba yake, mahali ambapo kinyozi alikuwa hapafikii vizuri.

Safari ya pili nilipita mlangoni. Nesi akauliza, nikasema sijala, sijanywa. Wakanipulizia dawa kooni, nikauma kidude cha plastiki, mpira ukaingia. Hazikupita dakika nyingi daktari akasema maneno kwa nesi, mpira ukatoka. Kamera ilikuwa imekuta wali na maharage, ganda kwa ganda. Daktari hakunifokea. Alinishika bega akaniambia kwamba chakula kile kingepanda wakati nimelala kingeingia kwenye mapafu, na ningeweza kufia mezani pake kwa ajili ya kinyama ambacho si hata saratani. Akatoka kuwaambia wanangu. Cheche akaja, uso umembadilika, akaniuliza nani amenipa chakula. Nami, koo langu likiwa bado limekufa ganzi, nikasema nilikuta sahani mezani, imeandaliwa.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maana mengi yalipita kwako. Katika nyumba hii anayeandaa sahani ni mmoja. Cheche alimfokea mkewe mpaka majirani wakazima redio wasikie. Yule mwanamke akasema mara moja tu kwamba hakuandaa sahani yoyote, kisha hakujibu tena. Ukanipigia simu siku ileile. Uliniuliza huyo ni mkwe au ni mchawi wa kuletewa nyumbani, maana aliambiwa na nesi, akasikia kwa masikio yake, kwamba chakula kitaniua. Ukasema tangu harusini ulimwona, mtu asiyecheka anaficha meno. Nilikusikiliza. Nilisema eh, wifi, na aha, wifi. Ukawapigia wengine, nao wakapigiana. Baada ya wiki mbili hivi akafunga sanduku akaenda kwa mama yake. Kitinda, ambaye alikuwa haingii hapa, sasa alikuwa anakuja kila jioni kumtuliza kaka yake. Wanakaa kwenye ngazi pale nje, wanazungumza mpaka mbu wawafukuze.

Safari ya tatu nilikuwa mtupu kama gunia. Walinipa dawa ya kunilegeza, lakini haikunizamisha kabisa, na daktari alikuwa amegeuza ile televisheni ya kamera upande wangu kidogo. Nikaliona tumbo langu. Wifi, ndani ni pekundu na panang'aa kama ndani ya mdomo, na pamekunjwa marinda, makubwa, yaliyopigwa vizuri, na hewa ikiingia yananyooka. Nilipoona yale marinda nilitaka kumwambia kaka yako, maana alikuwa akinitania kwamba mimi hata nikifa nitakwenda kuwapigia malaika pasi. Kisha kinyama kikatokea, kimesimama peke yake, kichwa kimevimba, kina wekundu pembeni pale panapovuja. Wakapenyeza maji chini yake kikanyanyuka. Kitanzi kikatoka, kikafunguka, kikakosa, kikarudi, kikakivaa shingoni. Daktari akasema kaza, nesi akakaza. Nikaona kichwa kinageuka zambarau. Umeme ukamulika kidogo, kikaanguka. Wakakiokota kwa wavu mdogo kama wa kuvulia dagaa, wakakitoa. Kile kidogo wakakikwanyua bila hata umeme. Sikusikia maumivu yoyote. Nilikuwa nikilia, nesi akadhani ni mpira unanisumbua kooni, akanipangusa machozi akaniita mama shujaa.

Nililia kwa sababu kamera ilikuwa imesimama palepale ilipokuta wali wangu, na pale palikuwa safi, na mke wa Cheche, aliyenisubiri siku ya kwanza, hayupo benchi la nje.

Wifi, nimefika pale ninapoogopa. Hakuna sahani niliyoikuta mezani. Mke wa Cheche hakuandaa kitu. Jioni ile aliosha vyombo vyote, akafunika sufuria ya wali na maharage yaliyobaki, na juu ya kifuniko akaweka kinu kidogo cha vitunguu saumu, kama mtu anayemzuia paka. Niliamka kabla hakujapambazuka, nikakishusha kile kinu kwa mikono miwili kisilie, nikala wali wa baridi nimesimama, gizani, kwa kijiko cha kupakulia. Sikuwa na njaa. Nilikula kama mtu anayemeza dawa. Kisha nikakirudisha kinu mahali pake.

Usiseme niliogopa kufa kama kaka yako. Ningekuwa nimeogopa ningekuambia, woga hauna aibu. Nilikula ili turudishwe. Nilitaka tena ile njia ya kurudi nyumbani, wao wawili mbele na mimi nyuma. Nilijua nikishatolewa kile kinyama nitakuwa mtu mzima wa afya, na hakuna tena sababu ya wao kukaa gari moja. Nilifikiri watanicheka tena kama siku ya chai. Daktari alipotoka na uso ule wa hofu, na Cheche akaniuliza nani, niliona nikisema mimi, watanijua. Nikamtoa kafara mwanamke aliyenivuta kope akaona kwamba naishiwa damu.

Na kuna hili, ambalo ndilo linaloninyima usingizi. Siku aliyoondoka aliingia chumbani kuniaga. Cheche alikuwa nje anafunga sanduku kwenye pikipiki. Akanirekebishia mtandio begani, akaniambia polepole, bila hasira, kwamba kile kijiko cha kupakulia kimevunjika mpini, kina ncha, nisikitumie gizani nitajikata mdomo. Nikisikia njaa tena, nimwambie mtu aniwashie taa. Halafu akanibusu mkono akatoka. Alikuwa ameniona, wifi. Tangu siku ya kwanza alijua. Kila ulipompigia Cheche ukamwita mkewe mchawi, kila Cheche alipofoka, alikuwa amesimama na neno moja tu mdomoni ambalo lingemtoa, na hakulisema. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikisikiliza kama atalisema.

Jana mchana niliwakalisha wanangu nikawaambia. Kitinda alidhani ni utani, akaanza kucheka, kisha akaona sichekeshi. Cheche aliniuliza jambo moja tu, kama siku ile alipokuwa akimfokea mkewe mimi nilikuwa naye ndani ya nyumba. Nikasema nilikuwamo. Akasimama akatoka. Kitinda akaniambia kwamba kama nilitaka kuendeshwa na wanangu wawili ningesema, wangeniendesha kila wiki mpaka nichoke, kwani nani alinikataza kusema? Akamfuata kaka yake. Niliwaona dirishani wameegemea boneti la gari, vichwa karibu, wakiongea kwa muda mrefu, na hakuna aliyekuwa akicheka. Wamenikasirikia, wifi, na wamenikasirikia pamoja. Nilichokitafuta nimekipata, na sithubutu kwenda kukaa karibu nacho.

Jumamosi wananipeleka kwa mama yake mke wa Cheche. Mimi ndiye nitakayesema, mbele ya mama yake na yeyote atakayekuwapo, kwamba mwanao hakutaka kuniua, mimi ndiye niliyemsingizia. Huenda tusifunguliwe mlango. Huenda tukafunguliwa, naye akasema anabaki kwao, na atakuwa na haki. Cheche hajaniambia neno tangu jana, ila asubuhi amenitilia maji ya kuoga bila kuniangalia.

Nawe nina ombi kwako, na usidhani nakulaumu. Kitambaa nilikikata mimi, wewe ulikishona tu. Wale wote uliowaambia, nakuomba uwapigie mmoja mmoja, kwa sauti yako ileile, uwaambie kwamba aliyekula ni mimi, kwa mkono wangu, na aliyesema uongo ni mimi. Najua moyo wako, utataka kunifunika. Utasema maskini alikuwa mgonjwa, alikuwa amechanganyikiwa kwa kufiwa. Usiseme hivyo. Nilikuwa na akili zangu zote. Niliondoa kinu na nikakirudisha.

Majibu ya mwisho ya maabara yametoka, vinyama vyote viwili havina ubaya. Nimepewa dawa za wiki mbili za kuua vijidudu tumboni na vidonge vya kuongeza damu, na nitarudi mwakani kuchunguliwa tena. Nimeambiwa siku hiyo nisinywe hata chai.

Nisalimie wajukuu, na shemeji mwambie asiache kukukanda hilo goti. Na unapoomba dua, wifi, usiniweke tena kwa wagonjwa wala kwa waliofiwa. Niweke kwa wale wanaoomba kusamehewa, na hapo unikumbuke.

Ni mimi wifi yako,
Mama Cheche